Kwa Nini JKIA Huitegemea Sana Kenya Airways

Mwananchi anayefika katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, huona nembo ya Kenya Airways kuliko ya shirika lingine lolote. Hali hiyo inatokana na namna kitovu cha usafiri wa anga kinavyofanya kazi.

Shirika lenye kitovu hupanga ndege zake zitue kwa nyakati zinazokaribiana, kisha ziondoke muda mfupi baadaye. Abiria wanaotoka Lusaka, Kinshasa na miji mingine hukutana Nairobi, wakabadilisha ndege kuelekea Mumbai au Guangzhou. Hivyo, njia ambayo isingejaza ndege kwa abiria wa mji mmoja huweza kuendeshwa, na Wakenya nao hupata safari za moja kwa moja ambazo huenda zisingekuwapo.

Kenya Airways ilianzishwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la East African Airways. Ilibinafsishwa mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikinunua asilimia 26 ya hisa. Kwa sasa Serikali ya Kenya ndiyo mwanahisa mkubwa zaidi. Uwanja wenyewe husimamiwa na chombo tofauti, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya.

Utegemezi huo una gharama zake. Novemba 2022, marubani wa shirika hilo walipogoma, safari nyingi zilifutwa na maelfu ya abiria wakakwama, kwa kuwa si rahisi kwa mashirika mengine kupata ghafla viti vya kuwatosha wote. Aidha, katika njia isiyo na mshindani, msafiri hana pa kulinganisha nauli. Ndiyo maana kuyaruhusu mashirika ya nje kutua JKIA, na wakati huohuo kulilinda shirika la taifa, ni mizani ngumu kwa Serikali yoyote.

Msafiri anayebadilisha ndege anashauriwa kukata safari yote kwa tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida shirika hulazimika kumtafutia nyingine. Mwenye tiketi mbili tofauti huweza kupoteza ya pili, na hasara ikawa yake mwenyewe.