Mwalimu wa mpira, anza na pumzi yako

Mimi ni mtu wa sendika, si fundi wa yoga. Lakini kila siku ya posho nafundisha mpira watoto wa wachimbaji pale Mangobo.

Mwaka jana nilitukana kijana mmoja mbele ya wenzake juu ya penalti. Nilimtukana sawa vile kapita wa shimo anatukana mchimbaji. Na mimi ndiye nasema kila siku kapita aheshimu mtu! Kijana akavua jezi, akaenda.

Ndipo rafiki mmoja aliyekaa Nairobi akanielezea Africa Yoga Project, iliyoanza 2007. Inafundisha vijana wa mitaa ya maskini wawe walimu wa yoga. Wapenda basketi wanajua pia Phil Jackson wa Marekani: kati ya 1991 na 1998 alipata mataji sita na Chicago Bulls. Yeye alikuwa na zoezi la kukaa kimya, kisha akaleta George Mumford afundishe wachezaji. Kukaa kwake kulitoka Zen ya Wabuddha, si yoga yenyewe, lakini mlango ni ule ule: pumzi.

Sasa, mbele watoto hawajafika, naketi juu ya jiwe, mgongo wima, mkono juu ya tumbo. Navuta hewa kwa pua nikihesabu mpaka nne, naitoa polepole mpaka sita. Mara kumi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, moyo unapunguza mbio. Hasira haiishi, hapana. Ila sasa naiona ikija, na mdomo unapata nafasi ya kufunga.

Bibi yangu aliniuliza kama nimehama kanisa. Nikamwambia kuhesabu pumzi si maombi.

Wandugu wa shimoni, mwenye kifua cha vumbi asizuie pumzi kwa nguvu, aende kwa munganga. Na patron asitupe yoga mahali pa kofia na barakoa. Hapo tutagombana, hata nikiwa nimepumua mara mia.

Juma lililopita nilivuka mto kwa pirogi, mpaka Lubunga, kuomba samahani. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Papa, ni yeye atajibu.» Kijana alikuwa bado shimoni. Nikamwachia mama ile jezi, namba 9, imefuliwa.