Jiwe Lililotulia Lina Nguvu Gani?

Tuseme fundi wa Kiambi anajenga ukuta wa kanisa. Juu ya jukwaa la miti, meta 4 kutoka chini, ameacha jiwe la kilo 5. Jiwe limetulia. Je, lina nguvu? Wengi watajibu: «Hapana, maana haliendi.» Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu inayokosekana yaweza kumwua mtu anayepita chini.

Fizika inatofautisha nguvu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya mwendo: kitu kisichokwenda hakina hata kidogo. Ya pili ni nguvu ya akiba, ambayo kitu kinayo kwa sababu ya mahali kilipo. Fundi alitoka jasho kulipandisha jiwe. Kazi yake haikupotea, imewekwa. Tuhesabu: kilo 5, mara 9,8 ya mvuto wa dunia, mara meta 4: ni jouli 196. Jiwe likianguka, katikati ya njia lina jouli 98 za akiba na 98 za mwendo. Linapokaribia udongo, zote 196 ni za mwendo, na mbio yake ni karibu meta 9 kwa sekunde.

Wanafunzi wa filozofia watakumbuka potentia na actus. Rankine, mtaalamu wa Uskoti, ndiye aliyeiita akiba hiyo enerji potensieli, mwaka 1853. Lakini tusichanganye: potentia ya Aristotele ni kuweza kuwa, ile ya fizika hupimwa na kuhesabiwa.

Tazameni pia mto Luvua. Maji ya ziwa Mweru yaonekana yametulia, kumbe yako zaidi ya meta 900 juu ya bahari. Yakishuka, akiba yageuka mwendo. Huko Piana Mwanga, mwendo huo uligeuzwa umeme kwa ajili ya mgodi wa bati wa Manono.

Tena, tuulize daima: kutulia mbele ya nini, na urefu kutoka wapi? Aliyeketi katika mtumbwi unaoshuka Ankoro ametulia mbele ya wenzake, lakini aliye ukingoni anamwona akienda. Vilevile, ukipima kutoka jukwaani, akiba ya jiwe ni sifuri. Ukipima kutoka chini, ni 196.

Basi, walimu, msiwaambie watoto kwamba kilichotulia hakina nguvu. Wafundisheni kutazama juu kabla ya kupita.