Kemondo: Kituo cha reli kinachofikiwa kwa meli

MKOA wa Kagera haujawahi kufikiwa na reli ya nchi kavu. Hata hivyo, Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, ina gati la kupokea mabehewa ya treni kutoka melini.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kahawa ya Bukoba ikapata njia ya kwenda baharini. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na njia ya Dar es Salaam ikafunguka. Lakini magunia yalishushwa melini na kupakiwa upya kwenye mabehewa, na kila upakiaji una gharama.

Ufumbuzi ulikuja miaka ya 1960 kwa meli za Umoja na Uhuru, zinazobeba mabehewa yenyewe. Behewa likishapakiwa, halifunguliwi tena njiani.

Kwa mkulima wa Kibeta, hilo si jambo dogo. Bei anayolipwa ni ile ya mnadani baada ya kutoa gharama, usafiri ukiwemo.

Mwaka 2018 Umoja ilirejea kupeleka mabehewa Port Bell, Uganda. Inaonyesha kuwa njia ya ziwa inaweza kufufuka, ila behewa haliji kufuata magunia mawili. Wakulima wakikusanya kahawa pamoja kupitia vyama vya msingi, na wafanyabiashara wakaagiza mbolea na saruji kwa pamoja, behewa litajaa kwenda na kurudi. Hapo ndipo gharama ya kila gunia hushuka.