Mgongo wazi nao ni chakula cha nyumbani

Anayeulizia chakula cha asili cha Kisumu huelekezwa ufuoni akale ngege (tilapia) mzima. Obunga, mtaa wa mabanda usio mbali na viwanda vya samaki, una chakula kinachostahili heshima hiyohiyo: mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta (sangara) baada ya kiwanda kutoa minofu ya kuuza ng'ambo. Minofu ikishaondoka, zaidi ya nusu ya uzito wa samaki hubaki, na kwenye mashavu na katikati ya miiba mna nyama tamu na mafuta tele. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuzagaa miaka ya 1980, na wapishi wengi hawakumpenda mwanzoni kwa sababu ya mafuta hayo. Samaki wa kienyeji, fulu na ngege, walikuwa wakipasuliwa na kuanikwa juani. Mbuta hakauki kwa njia hiyo. Ikabidi wanawake wambanike kwa moshi, au wamkatekate na kumkaanga kwenye karai hadi miiba myembamba itafunike. Nyumbani, vipande hivyo vikavu hurudishwa sufuriani pamoja na nyanya na kitunguu, vikachemka taratibu mpaka mchuzi ushike, kisha vikaliwa kwa kuon (ugali) na osuga (mnavu) iliyopikwa kwa maziwa. Kukausha kwanza na kuchemsha baadaye ni mbinu ya zamani ya jiko la Waluo. Kilichobadilika ni samaki.

Atakayedai kwamba samaki mgeni hawezi kuwa wa asili, basi na amwangalie ngege anayemsifu. Ngege wa kienyeji ametoweka karibu kabisa, na anayeuzwa leo kwa jina hilo mara nyingi ni wa aina nyingine iliyopandikizwa ziwani miaka hiyohiyo ya 1950. Hata unga wa mahindi ulichukua nafasi ya wimbi na mtama. Wala si huku tu: Waslovakia huhesabu halušky kuwa chakula chao cha taifa, na donge lake ni la viazi, zao la Amerika, linalochanganywa na jibini ya kondoo na kumwagiwa mafuta ya nguruwe. Kilianza kama shibe ya wachungaji na wakulima maskini, na hakuna anayekiita makombo.

Pingamizi zito zaidi ni la afya: samaki huanikwa kando ya mitaro, na mafuta ya kukaangia hurudiwa mara nyingi. Hilo ni kweli, na linanikera. Lakini dosari hiyo ni ya maji ya bomba, meza za kuanikia na mifereji ambayo Obunga imenyimwa, si ya mapishi. Wala si haki kusema kwamba kukisifu chakula hiki ni kuupamba umaskini. Kukisifu ni kukitetea, kwa maana siku hizi mbuta wamepungua, na viwanda vya lishe ya mifugo vinaigombea mifupa ileile. Serikali ya kaunti ikiendelea kuiona kuwa taka, mwenye karai ataendelea kushindwa bei na mwenye kuku.