Jioni Mchimbaji Anaongea na Nani?

Shaba ya Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ni kazi ya mgodini, na kazi ya mgodini huwatenga watu na familia zao. Anayefuata madini mara nyingi huacha mke kijijini na watoto kwa bibi yao, kisha akalala kambini na watu asiowajua. Tukizungumzia afya yake tunataja kifusi, vumbi na malaria. Ni nadra kuuliza jioni anaongea na nani, swali ambalo mimi hulipa uzito uleule.

Sababu yangu ni ya kimwili kabisa. Mtu akishtuka, ubongo hutuma amri kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kwanza hutoka adrenalini: moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Dakika chache baadaye hufuata kotisoli, homoni inayoongeza sukari kwenye damu ili mwili upate nguvu, huku ikipunguza kasi ya kazi zinazoweza kusubiri, zikiwemo baadhi ya kazi za kinga. Kwa anayemkimbia kiboko wa Katavi, mpango huo ni mzuri sana. Taabu huanza kiboko asipoondoka: deni, mgonjwa nyumbani, ugomvi usiokwisha. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu, usingizi huharibika, presha na sukari huelekea kupanda, na mwili hupigana vibaya na maambukizi.

Mtu wa karibu anaingiaje hapo? Ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka kwa sokwe wa msitu wa Budongo, magharibi mwa Uganda. (Watu wa Katavi wasione ajabu, sokwe ni jirani zao, kuanzia misitu ya wilaya hiyohiyo ya Tanganyika hadi milima ya Mahale.) Huko Budongo, Roman Wittig, Catherine Crockford na wenzao walikusanya mkojo wa sokwe wa mwituni na kupima homoni zake. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 yalionyesha kwamba sokwe aliyekuwa na mwenzake wa karibu alikuwa na homoni chache za msongo kuliko aliyekuwa na sokwe mwingine tu. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi walipokabiliana na kundi pinzani, lakini ilionekana hata siku tulivu, wakipumzika au kuchambuana manyoya. Kwa hiyo rafiki hafanyi kazi siku ya balaa peke yake.

Utafiti wa mapema zaidi katika msitu huohuo, wa mwaka 2013, uliangalia oksitosini, homoni inayohusika pia na uzazi na kunyonyesha. Ilipanda sokwe alipochambuana manyoya na mwenzake wa karibu, wawe ndugu wa damu au la. Asipokuwa wa karibu, haikupanda hivyo. Hapo ndipo ninapomrudia mchimbaji aliyetoka mbali. Kambi inaweza kuwa na watu mia na bado akawa peke yake. Na swahiba mmoja asiye wa kabila lake wala ukoo wake anaweza kumtosha.

Kwa binadamu, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 mwaka 2010. Waliokuwa na mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takribani asilimia 50, wa kuwa hai mwisho wa ufuatiliaji. Tusiikimbilie namba hiyo bila tahadhari: mgonjwa naye hupoteza marafiki, kwa hiyo si kila sehemu ya tofauti hiyo imeletwa na upweke.

Ukaribu wenyewe nao unaweza kuumiza, na wahubiri wa ndoa hawapendi kulisikia hili. Nchini Marekani, Janice Kiecolt-Glaser aliwatia jozi 42 za wanandoa malengelenge madogo mkononi, akawaacha wazungumzie mambo wanayogombania. Matokeo yalitoka mwaka 2005: vidonda vya wanandoa wenye uhasama mkubwa vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wengine. Hao walikuwa wanabishana kwa maneno. Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Kumwambia mwanamke huyo avumilie ili asiishi peke yake ni ushauri mbaya hata kitabibu. Mtu anayemtisha ndiye kiboko mwenyewe.

Presha ya mgonjwa isiposhuka, daktari humuuliza kuhusu chumvi na dawa. Ningependa aulize pia anaishi na nani, na wanaishije. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeingia hadi sebuleni, ana nafasi nzuri zaidi ya kuuliza hilo. Naye msimamizi wa mgodi anayepanga zamu aanze kwa kutowatenganisha wawili waliozoea kushuka shimoni pamoja.