Mabaka Meupe ya Ngozi: Nani Huyapata, na kwa Nini?

Mtu mwenye baka jeupe mkononi aweza kupanga ndizi zake sokoni Tukuyu asubuhi nzima, na wanunuzi wakampita kwenda kwa jirani yake. Wanachokihofia ni ukoma. Kumbe huenda alicho nacho ni mbalanga, maradhi ambayo hayaambukizi kabisa.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Katika mbalanga, askari wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu, huzigeuzia silaha seli hizo na kuziangamiza, na mahali hapo hubaki peupe kama chokaa. Mwelekeo huo hurithiwa kupitia jeni nyingi, lakini kurithi peke yake hakutoshi: mmoja wa mapacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua katika takriban robo tu ya jozi hizo.

Je, mataifa hutofautiana? Katika kisiwa cha Bornholm, Denmark, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1977 ulikuta wagonjwa 179 kati ya watu 47,033, yaani asilimia 0.38. Katika jimbo la Shaanxi, China, ilipatikana asilimia 0.09 tu. Gujarat, India, imewahi kutajwa asilimia 8.8! Msomaji asiharakishe kusema kwamba ngozi ya Wahindi ni dhaifu. Hesabu hutegemea nani amehesabiwa, na nini kimeitwa mbalanga. Kemikali fulani nazo hufuta rangi, kama ilivyoonekana Marekani mwaka 1939 kwa wafanyakazi waliovaa glavu za mpira. Hata hivyo, si tofauti zote ni za makosa. Katika kijiji kimoja cha milimani Romania, ambako watu wameoana wao kwa wao vizazi vingi, wagonjwa walikaribia asilimia 3.

Weusi wa ngozi hauzidishi ugonjwa; huudhihirisha tu. Nilipokuwa nikisoma ughaibuni, mwenzangu mmoja Mzungu alikuwa na mabaka mikono yote miwili, nami sikuyaona hadi jua la kiangazi lilipombabua.

Sasa turudi Rungwe. Mito inayoteremka kwa kasi huko, kama Kiwira na Mbaka, ni mazalio ya inzi wadogo waenezao usubi. Minyoo ya maradhi hayo, ikikaa ngozini miaka mingi, hufuta rangi ya miundi, ila vitone vyeusi hubaki kuzunguka vinyweleo, na mguu ukafanana na ngozi ya chui. Dawa ya ivamektini imegawiwa vijijini kwa miaka mingi, lakini mabaka ya zamani ya wazee hayaondoki kwa urahisi. Anayehesabu “mabaka meupe” Tukuyu bila kutazama kwa makini atachanganya usubi, mbalanga, ukoma na hata tangotango, ambazo ni ukungu tu wa ngozi.

Namna ya kutofautisha si ngumu. Baka la ukoma kwa kawaida hufifia tu bila kuwa jeupe kabisa, na mara nyingi huwa na ganzi. Mwambie mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya pamba, naye aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Mwenye mbalanga huonyesha. Asiyehisi apelekwe zahanati upesi, kwani ukoma nao hupona kwa vidonge vya miezi 6 au 12, na ganzi ikichelewa kutibiwa hulemaza vidole.