Nukta 537 za London

Bomu la V-1 la Wajerumani lilijitangaza kabla ya kufika. Injini yake ilinguruma angani kama pikipiki mbovu, na watu wa London wakajifunza upesi kwamba mngurumo hauna neno. Cha kuogopwa ni kimya. Injini ikinyamaza, bomu linashuka na vilipuzi vyake, kiasi cha kilo 850.

La kwanza liliangukia jiji hilo tarehe 13 Juni 1944. Muda si muda watu wakaanza kusema kwamba mitaa fulani inawindwa na mingine imesamehewa. Ukitia nukta kwenye ramani kila lilipoanguka bomu, kweli unaona zimesongamana huku na kuachana kule. Je, kulikuwa na shabaha, au yalidondoka ovyo?

Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alijibu kwa makala fupi sana. Alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa miraba 576 iliyo sawa, kisha akahesabu mabomu ndani ya kila mraba. Halafu akaacha kabisa kuuliza yalianguka wapi. Akauliza: miraba mingapi haikupata hata moja? Mingapi ilipata moja? Mingapi mawili? Rundo la tarakimu 576 likageuka mistari sita:

Mabomu 0: miraba 229
Bomu 1: miraba 211
Mabomu 2: miraba 93
Mabomu 3: miraba 35
Mabomu 4: miraba 7
Mabomu 5 na zaidi: mraba 1

Hili ndilo jedwali la marudio: upande huu thamani, upande ule imejirudia mara ngapi. Halidai zaidi ya penseli na vile vijiti vinne vinavyokatwa na cha tano, ambavyo makarani huvichora magunia yanaposhushwa.

Ukitaka kuliona badala ya kulisoma, chora mstari wa namba kuanzia 0, na kwa kila mraba weka nukta moja juu ya namba yake, nukta juu ya nukta. Hiyo ni chati ya nukta. Minara miwili mirefu inasimama juu ya 0 na 1, wa tatu haufiki nusu yake, kisha ni mteremko mkali.

Umbo hilo ndilo linalosema. Mabomu 537 kwa miraba 576 ni wastani wa 0.93. Kwa kanuni aliyoichapisha Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837, kama yalidondoka kwa bahati nasibu tu, miraba mitupu ingekuwa karibu 227, yenye bomu moja 211, mawili 99, matatu 31, manne 7. Rudi kwenye jedwali ulinganishe. Nimeipiga hesabu hiyo kwa mkono zaidi ya mara moja, na bado inanishangaza. Kungekuwa na mitaa inayowindwa, miraba mitupu ingezidi, na yenye mabomu mengi pia. Wajerumani waliilenga London. Mtaa hawakuweza kuuchagua. Msongamano ule wa kwenye ramani? Mimina punje za mchele kwenye sakafu ya vigae uone zinavyojikusanya zenyewe.

Jedwali nalo lina mahali linapoficha. Mstari wa mwisho unasema "5 na zaidi". Zaidi kiasi gani? Hesabu mabomu ya mistari ya juu: 211, 186, 105 na 28, jumla 530. Toa kwenye 537. Kwenye chati ya nukta usingehitaji kutoa chochote: juu ya 5 hakuna kitu, juu ya 6 hakuna kitu, na juu ya 7 imekaa nukta moja peke yake, mita 500 kwa 500 za London.